TUPA HUTOA VUMBI, FLOTI HUTOA MARANDA

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Kuna methali moja ambayo wasimamizi huipenda kuliko zote: mchagua jembe si mkulima. Fundi akienda stoo kusema kwamba tupa yake imekwisha, huambiwa methali hiyo. Mkata miwa akilalamika kwamba mpini wa panga unamchubua mkono, huambiwa methali hiyo hiyo. Sisi mafundi wa karakana ya mbao tumeisikia kwa miaka mingi, na leo twataka kuijibu, si kwa hasira bali kwa hesabu ya kazi. Jibu letu ni hili: mkulima asiyechagua jembe hulima kwa jasho la bure, na fundi asiyechagua chombo hukilipia chombo hicho kwa mshahara wake na kwa mapafu yake.

Habari tunayoileta ni ya vyombo viwili vya kuchongea mbao, yaani tupa na floti. Tupa kila mtu anaijua. Floti wengi hawajapata kuiona, kwa sababu haimo katika orodha ya stoo. Tena wenzetu waashi wasichanganye: hatusemi juu ya kile kibao cha kulainishia sakafu, ingawa Waingereza hukiita kwa jina hilo hilo. Tunasema juu ya kipande cha chuma chenye meno yaliyopangwa kama ya msumeno, ambacho fundi seremala hukisukuma juu ya mbao.

Huenda ndugu wa shambani akauliza, mambo haya ya seremala yanamhusu nini yeye anayechuma chai au kukata miwa? Yanamhusu sana. Mpini wa jembe lake, wa shoka lake na wa sururu yake umepita mikononi mwetu. Mpini uliochongwa vibaya huleta malengelenge tangu siku ya kwanza. Mpini usiokaa sawasawa katika tundu la jembe hulegea, na jembe likiruka halichagui mguu wa nani. Kwa hiyo chombo tunachopewa sisi karakana ndicho kinachoamua usalama wako wewe shambani.

KILICHOTUKUTA

Tuanze na jambo lililotukuta sisi wenyewe, katika shamba moja tulilopata kufanya kazi. Stoo ilikuwa na desturi hii: fundi alipewa tupa moja kwa muda uliowekwa na mwajiri. Tupa ikiisha makali kabla ya muda huo, alipewa nyingine, lakini bei yake ilikatwa katika mshahara wa mwezi ule. Karani alisema kwamba fundi mzuri hutunza chombo. Mwezi wa kuchonga mipini ya majembe kwa ajili ya palizi, tupa ziliisha upesi, na makato yakawa mengi. Kadiri tulivyofanya kazi zaidi ndivyo tulivyokatwa zaidi.

Matokeo yake mnaweza kuyadhani. Mafundi walianza kuficha tupa. Walitumia tupa butu mpaka mikono ikafa ganzi, kwa kuogopa kwenda stoo. Wengine walitumia tupa zisizo na mpini, maana mpini wa tupa nao ulikuwa na bei yake. Mwenzetu mmoja alikuwa akisukuma tupa ya namna hiyo, ikanasa katika fundo la mbao, na ule mkia wake wenye ncha ukamwingia kiganjani. Alikaa wiki kadhaa bila kufanya kazi. Nasi tulipouliza, tuliambiwa kwamba alikosa uangalifu.

Hapo ndipo tulipokaa chini na kujiuliza kama kosa ni la fundi au ni la chombo. Tuliona kwamba, hata kabla ya kuzungumza habari ya makato, twapaswa kujua tupa ni kitu gani hasa, inafaa kazi gani, na kwa nini inakwisha.

TUPA NI CHOMBO CHA NANI?

Tupa ya kawaida ilifanywa kwa ajili ya chuma. Meno yake ni mistari midogo iliyokaribiana, na mara nyingi mistari hiyo hupishana, ili kila jino liwe dogo na liweze kukwaruza chuma kigumu. Juu ya chuma hufanya kazi nzuri sana. Juu ya mbao, unga huingia katika nafasi zile ndogo na kuzijaza. Mbao ikiwa mbichi, au ikiwa na utomvu kama msonobari, unga huganda kabisa. Tupa iliyoshiba unga hateleza tu juu ya mbao, na fundi huongeza nguvu akidhani makali yamekwisha. Inabidi asimame kila mara aipige brashi ya waya.

Iko pia tupa ya mbao, ile yenye meno yaliyoinuliwa moja moja kama vipele. Hiyo haishibi upesi, nayo hula mbao kwa kasi. Sifa yake kubwa ni kwamba yaweza kwenda upande wowote: hufuata mviringo, huingia katika mapindo, huzunguka kichwa cha mpini. Kwa kuviringisha mpini wa shoka hatujaona chombo kinachoishinda. Ila haikati nyuzi za mbao, bali huzichana, na kuacha mikwaruzo ambayo ni lazima iondolewe baadaye kwa tupa laini au kwa msasa.

Tupa hizi zote mbili zina kasoro moja kubwa: fundi hawezi kuzinoa. Meno yake ni madogo mno na chuma chake kimekazwa sana. Zamani, katika miji ya viwanda vya tupa, walikuwako mafundi waliolainisha tupa zilizochakaa, wakasaga meno ya zamani na kukata mapya. Kwetu sisi, tupa ikiisha imekwisha. Ni kama msasa au misumari, kitu cha kutumika na kumalizika. Basi kumkata mtu mshahara kwa sababu tupa imekwisha ni sawa na kumkata mpishi kwa sababu kuni zimeungua.

FLOTI HUFANYAJE KAZI?

Floti ni jambo jingine. Meno yake yamekatwa moja kwa moja kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, kila jino likifuata jingine, na kati ya jino na jino kuna nafasi ya wazi. Kila jino ni kama patasi ndogo. Ukiisukuma floti juu ya mbao, meno hayakwaruzi bali hukata, na kinachotoka si unga bali ni maranda madogo, ambayo huanguka yenyewe kwa sababu ya ile nafasi.

Waliokuwa wakiitumia zaidi ni mafundi wa Uingereza wa karne ya 18 na ya 19 waliotengeneza randa za mbao. Ndani ya randa kuna kitako ambapo ulimi wa chuma hulala, na kuna pahali pa kabari. Pahali hapo pakiwa na kilima hata kidogo, ulimi hutetemeka na randa haikati. Patasi peke yake huacha mawimbi, na tupa huviringisha kingo, lakini floti husawazisha kitako mpaka kikawa bapa kama kioo cha meza. Randa za chuma zilipoenea, kazi ya mafundi wale ikapungua, na floti ikasahauliwa na wengi.

Lakini kazi ya namna ile haikwisha. Tazameni kazi zetu wenyewe. Ncha ya mpini inayoingia katika tundu la jembe inapaswa kugusa chuma pande zote, maana ikigusa pembeni tu italegea. Kabari ya shoka inapaswa kuwa bapa pande zote mbili. Ulimi wa mlango na tundu lake, mguu wa kiti, umbo la mbao linalotumika kutengenezea kalibu ya kusubia vipuri vya mashine, hizi zote ni kazi za kusawazisha na kukutanisha. Hapo floti huishinda tupa mbali sana. Tumeona fundi akipitisha floti mara chache juu ya ncha ya mpini wa mkaratusi, mpini ukaingia na kukaa kimya, ambapo kwa tupa angejaribu na kutoa, kujaribu na kutoa, mpaka mpini uwe mwembamba kupita kiasi.

Hatutaki kuisifu floti kwa uongo. Juu ya mviringo haina kazi, maana huacha pande bapa. Ukifika nayo ukingoni bila kutegemeza mbao, huvunja nyuzi na kuacha pengo. Penye fundo huruka. Kwa hiyo tezo hutangulia, tupa ya mbao hufuata kwa kuviringisha, na floti humaliza pale ambapo mbao itakutana na chuma au na mbao nyingine. Kila chombo na kazi yake.

MAKALI YAKO MIKONONI MWAKO

Sasa tuje kwenye jambo lililo zito. Floti ikiisha makali, fundi huinoa mwenyewe. Huibana katika jiliwa, huchukua tupa ndogo ya pembe tatu, ile ile ya kunolea msumeno, na kuipitisha katika kila nafasi, idadi ile ile ya mikwaruzo kwa kila jino, ili meno yote yabaki na urefu mmoja. Si kazi ya siku nzima, wala haihitaji mashine. Floti moja hunolewa tena na tena kwa miaka.

Tena floti yaweza kuzaliwa katika karakana, kutokana na tupa iliyokufa. Sisi hufanya hivi. Twachukua tupa pana iliyochakaa, twaitia motoni mpaka iwe nyekundu sawasawa, kisha twaizika katika majivu makavu na kuiacha ipoe polepole hadi kesho yake. Chuma hulainika. Twasaga meno ya zamani mpaka uso uwe bapa. Twachora mistari ya kukingama, milimita 5 kati ya mstari na mstari kwa floti ya kupunguzia, milimita 3 kwa floti ya kumalizia. Twakata mistari hiyo kwa msumeno wa chuma, kisha twaipanua kwa tupa ya pembe tatu, upande wa mbele wa jino ukisimama karibu wima na upande wa nyuma ukilala. Hatuikazi tena kwa moto. Chuma laini huisha makali mapema kidogo, lakini hunolewa kwa urahisi, na hilo ndilo tunalolitaka.

Twaonya jambo moja. Tupa ambayo haijalainishwa ni ngumu lakini huvunjika kama kioo. Usiipige nyundo, usiifanye mtaimbo, wala usiikate bila miwani ya kukinga macho. Kipande kikiruka huenda moja kwa moja machoni.

Angalieni pia kwamba floti haiishi bila tupa. Tupa iliyokufa huwa floti, na tupa ndogo ndiyo huiweka floti hai. Kwa hiyo hatusemi tupa zitupwe. Twasema stoo ikitupa tupa mbili, ile ya kuviringishia na ile ndogo ya kunolea, pamoja na ruhusa ya kutumia tupa kuukuu, hesabu yake ya mwaka haitakuwa kubwa kama sasa, na mipini itakuwa bora.

VUMBI

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya kale, na kwamba siku hizi kuna mashine ya umeme ya msasa inayomaliza kazi mara moja. Ni kweli, mashine ina kasi, wala hatuipingi. Lakini tuulize inatoa nini. Inatoa vumbi jembamba linaloelea karakana nzima, nalo huvutwa na fundi, na mfagiaji, na karani aliyekaa dirishani.

Vumbi la mbao si kitu cha mzaha. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lililiweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua na ya matundu yaliyo karibu na pua. Mvule wetu, ambao ni mbao nzuri kuliko nyingi, vumbi lake huwasha ngozi na huweza kuleta pumu. Maranda ya floti huanguka miguuni, na mtu akayafagia. Vumbi la tupa na la msasa huelea mpaka pumzi ilikute.

Si mara ya kwanza kwa wafanyakazi wa vyombo hivi kuuawa na kile walichokigusa. Tupa nyingi zilizotapakaa duniani katika karne ya 19 zilitoka mji wa Sheffield, Uingereza. Kabla ya mashine, kila jino la tupa lilikatwa kwa mkono, kwa patasi na nyundo, na ili tupa isiharibike upande wa chini ililazwa juu ya kipande cha madini ya risasi. Vumbi la risasi lilishika vidole, na vidole vikagusa chakula na midomo. Wakata tupa walipatwa na sumu ya risasi: tumbo la kusokota, mikono iliyolegea, na kwa wengi kifo cha mapema. Mwaka 1866 mafundi wa tupa wa mji ule waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Baadaye mashine zikaja na kuichukua kazi ya mikono yao.

Twakumbusha habari hiyo kwa sababu moja. Wale nao bila shaka waliambiwa wawe waangalifu. Lakini uangalifu wa fundi mmoja mmoja hauondoi risasi juu ya meza. Huondolewa kwa kubadili namna ya kufanya kazi, na namna ya kufanya kazi haibadiliki mpaka wanaoifanya waseme pamoja.

TUNALODAI

Basi hatukuandika haya ili kila mtu arudi nyumbani akitamani floti. Tumeandika ili matawi ya chama yachukue jambo la vyombo na kulipeleka mezani pamoja na jambo la mishahara, kwa kuwa ni jambo moja. Twapendekeza madai manne.

La kwanza, tupa na msasa vihesabiwe kuwa vitu vya kumalizika, na mfanyakazi asikatwe hata senti kwa sababu vimeisha kazini. Mkataba wa 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema kwamba makato ya mshahara yaruhusiwe tu kwa masharti na kadiri iliyowekwa na sheria za nchi, au na mapatano ya pamoja, au na uamuzi wa baraza la usuluhishi. Karani wa stoo si sheria, wala daftari lake si mapatano.

La pili, pasitolewe tupa wala floti isiyo na mpini, na vifuniko vya pua na miwani vitolewe bure kwa wote wanaofanya kazi penye vumbi. Mkataba wa 155 wa mwaka 1981 unasema wazi kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote.

La tatu, saa ya kunoa iwe saa ya kazi. Fundi anayenoa hakai bure. Vivyo hivyo mkata miwa anayenoa panga lake asubuhi yuko kazini tangu alipoligusa.

La nne, vijana wanaojifunza ufundi wafundishwe kunoa na kutengeneza vyombo, si kuvitumia tu. Kijana anayejua kutengeneza floti kutokana na tupa kuukuu ana elimu ambayo hakuna mwajiri anayeweza kuirudisha stoo.

Tulipoanza kutengeneza floti zetu, msimamizi alicheka. Alipoona majembe hayarudi karakana kwa kulegea, aliacha kucheka. Lakini makato hayakuondoka kwa sababu ya floti. Yaliondoka siku mafundi, wapiga rangi, madereva wa matrekta na wapalizi walipokwenda pamoja ofisini na daftari la makato mkononi. Wapalizi ndio waliosema kwa sauti kubwa zaidi, wakionyesha viganja vyao.

Husemwa kwamba wakubwa wameshika mpini na sisi tumeshika makali. Ni kweli katika mambo mengi. Lakini sisi ndio tunaouchonga mpini wenyewe, na yafaa tujue vizuri tunauchonga kwa chombo gani, na nani anakilipia.

Sisi wenzenu,
Mafundi wa karakana ya mbao